Mgeni wa Agosti huandaliwa Machi: bustani na ugeni kijijini Ufaransa

Anayeishi Paris akipata mgeni kutoka Nairobi au Dar es Salaam hupanda metro hadi Château Rouge, mtaa wa maduka ya Kiafrika, akanunua mchicha, unga na mbuzi, shughuli ikaisha. Anayeishi kijijini Limousin, huko kati ya Limoges na Guéret, hana bahati hiyo. Duka la karibu linaweza kuwa mwendo wa robo saa kwa gari, likafungwa saa sita mchana hadi saa nane, na Jumatatu lisifunguliwe kabisa. Mboga itatoka bustanini kwako au haitapatikana, na bustani ya huku haiharakishwi. Ukitaka ndugu zako wale vizuri Agosti, kazi inaanza Machi, na inaanza pande mbili kwa pamoja: kwenye trei za miche na kwenye ofisi ya meya.

Tuanze na sukuma wiki, maana ndiyo inayowashinda wengi. Kwenye maduka ya mbegu utakutana kwanza na chou kale, yenye majani yaliyojikunjakunja. Inalika, lakini jani lake ni gumu na halikatiki jembamba kama tulivyozoea. Tafuta pakiti iliyoandikwa chou cavalier. Hili ni kabichi lisilofunga, la tangu zamani magharibi mwa Ufaransa, Vendée na Poitou, ambako wakulima walilipanda kulishia ng'ombe na sungura. Jani lake ni pana na laini, shina lake hupita mita moja na nusu. Chuma majani yakiwa bado machanga, yapange, yaviringishe, yakate kwa kisu kikali, na huyo mgeni wako hatauliza ni mboga gani.

Sia mbegu katikati ya Machi, ndani ya nyumba penye dirisha lenye mwanga mwingi. Nyuzi 15 za joto zinatosha. Miche ikishakuwa na majani manne au matano ya kweli, kwenye mwisho wa Aprili, ihamishie nje: sentimita 50 kati ya mche na mche, 60 kati ya mistari. Jalidi nyepesi haiidhuru. Miche 20 inalisha nyumba ya watu sita, kwa kuwa kila wiki unachuma majani matatu ya chini kwenye kila mche. Hayo ni majani 60, sufuria mbili zilizojaa. Kichwa cha juu usikiguse.

Adui mkubwa hapa ni udongo, si baridi. Limousin imelalia mawe ya granite na ardhi yake ina asidi, hali inayoupendeza ugonjwa uitwao hernie du chou. Utaujua hivi: mche unastawi hadi Juni, kisha siku moja ya jua majani yanalegea kama yamekosa maji ilhali udongo umelowa. Jioni yanainuka, kesho mchana yanalegea tena. Ng'oa mche mmoja uutazame: mizizi imevimba mafundo mafundo kama tangawizi. Hakuna dawa. Vimelea vyake hukaa ardhini zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo mizizi hiyo usiitupe kwenye mboji hata kidogo, na viatu na jembe vioshe kabla ya kuingia tuta jingine.

Kinga ni chokaa. Pima pH ya udongo, yaani kipimo cha asidi yake, mwezi Oktoba. Ikiwa chini ya 6.5, Novemba nyunyiza chokaa ya kilimo gramu 200 kwa kila mita ya mraba, ichanganye na sentimita 15 za juu. Lengo ni kufika 7 au kupita kidogo. Kama udongo una asidi sana, gawa dozi kwa miaka miwili, usimwage yote mara moja. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuweka chokaa na samadi siku moja. Chokaa huifanya naitrojeni ya samadi iruke hewani kama amonia, ile harufu kali inayochoma pua, na samadi inabaki kama majani makavu yasiyo na nguvu. Acha angalau mwezi mmoja kati yao. Tuta lililobeba kabichi, figili au tanipu lipumzike na jamii hiyo kwa miaka mitano au zaidi.

Baada ya hapo kuna vipepeo weupe. Weka wavu wenye matundu yasiyozidi milimita 5 siku ileile unapopanda, uuinue kwa fito zilizopindwa ili usilalie majani, kwani kipepeo hutaga kupitia wavu uliogusa jani. Usitegemee kupuliza dawa. Tangu tarehe 1 Januari 2019 sheria ya Ufaransa imewazuia watu binafsi kununua, kutunza na kutumia viuatilifu vya kemikali bustanini. Kinachoruhusiwa na kinachofaa kwa viwavi ni bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis, ipulizwe jioni kwa kuwa jua huiua, na irudiwe mvua ikinyesha.

Mchicha una tabia nyingine kabisa: unataka joto. Wazee wa vijijini huku hungoja saints de glace, yaani 'watakatifu wa barafu', tarehe 11, 12 na 13 Mei, ndipo watoe nyanya nje, na wana sababu. Jua la Aprili linadanganya. Usiku mmoja wa nyuzi sifuri unatosha kuusawijisha mchicha wote. Subiri tarehe 20 Mei. Kwa tuta la mita moja kwa nne, nusu kijiko cha chai cha mbegu inatosha. Changanya na mchanga mkavu ili isimwagike mahali pamoja, ifukie nusu sentimita tu, gandamiza udongo kwa kiganja, nyunyiza maji kwa kopo lenye vitundu vidogo. Wiki ya kwanza ndiyo ya hatari, kwa sababu konokono wasio na gamba humaliza miche usiku mmoja. Laza ubao kando ya tuta, uinue asubuhi, uwaokote. Wakizidi, tumia punje za fosfeti ya chuma.

Mchicha unachumwa wiki tano baada ya kusia, kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mgeni. Anayefika tarehe 5 Agosti anahitaji tuta la mwisho wa Juni na jingine la tarehe 10 Julai. Ukichelewa hadi mwisho wa Julai siku zimeanza kufupika, na mmea unakimbilia kutoa maua ukiwa na majani machache. Kata ukiacha sentimita 15 za shina, utachipua tena.

Neno moja kuhusu mnavu. Mgeni atauona umejiotea kando ya mboji na atafurahi. Usimruhusu auchume. Mnavu wa porini wa huku unaweza kuwa na sumu nyingi, hasa matunda mabichi, na hakuna njia ya jikoni ya kupima.

Maji yapangiwe mapema. Katika kiangazi préfet, mwakilishi wa serikali katika wilaya, hutoa amri za ukame kwa ngazi nne, kutoka vigilance (tahadhari) hadi crise (hali mbaya kabisa), na saa za kumwagilia hupunguzwa au kufutwa. Tangi la mvua ndilo tegemeo: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, hivyo paa la mita 40 na mvua ya milimita 20 zinakaribia lita 800. Lifunike vizuri, mbu milia wameshaenea sehemu kubwa ya Ufaransa.

Sasa ofisi ya meya. Ndugu anayetoka Kenya au Tanzania kwa ziara ya kifamilia ya chini ya siku 90, akilala kwako, anahitaji hati ya attestation d'accueil, inayothibitisha kwamba utampokea, na ni wewe mwenyeji unayeiomba kwenye mairie, yaani ofisi ya meya, ya kijiji chako. Peleka kitambulisho au kibali chako cha kuishi, hati ya nyumba, bili ya karibuni, uthibitisho wa kipato, na stempu ya kodi. Ada hiyo hairudishwi hata ombi likikataliwa. Jibu linaweza kuchukua mwezi, na mairie ndogo hufunguliwa nusu siku mbili au tatu kwa wiki. Hati halisi lazima imfikie mgeni mkononi, picha ya WhatsApp haitoshi, kwa hiyo ongeza siku za mtumaji wa vifurushi. Ombi la viza huwasilishwa mapema zaidi miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, na bima ya matibabu iwe ya euro 30,000. Ukiyajumlisha yote hayo utaona kwa nini mtu wa Agosti aende mairie kabla ya Aprili kuisha.

Mwambie pia asibebe embe. Matunda na mboga mbichi, pamoja na mbegu, haviingii Umoja wa Ulaya bila cheti cha afya ya mimea; vilivyosamehewa ni nanasi, nazi, ndizi, doriani na tende tu. Nyama na maziwa ni marufuku. Samaki wakavu wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, basi dagaa waje. Unga wa ugali agiza mapema kwenye duka la Kiafrika la mjini. Polenta ya supamaketi ni ya njano na ina chenga, na unga mweupe ulioandikwa précuite umeshapikwa, hausongeki.

Mbuzi ndiye anayewaponza watu. Kisheria unaweza kumchinja nyumbani mbuzi uliyemfuga mwenyewe, na nyama yote iliwe na familia yako. Kununua mbuzi hai Jumamosi ukamchinja uani ni kosa, na kuchinja kwa taratibu za dini nje ya machinjio yaliyoidhinishwa ni kosa la jinai. Ongea na mashamba ya jibini la mbuzi au na bucha mapema. Wana-mbuzi huuzwa zaidi karibu na Pasaka. Nunua wakati huo, gandisha.

Nyumba nyingi za vijijini hazina mfereji wa maji taka wa umma, zina tangi lao. Lifunguliwe Juni, na ikiwa tope limefika nusu, ita gari la kunyonya kabla wageni hawajaja. Watu wanane kwenye tangi la watu watatu hulijaza, na tope likapenya hadi kwenye mabomba ya kusambazia, ambayo kuyabadilisha ni gharama kubwa. Weka ndoo yenye kifuniko chooni na umweleze kila mgeni, kwa adabu na siku ya kwanza, kwamba vitambaa vya kufutia watoto havitupwi kwenye choo hata kama pakiti inasema vinafaa. Mafuta ya sambusa na maandazi yasimwagwe kwenye sinki. Yapooze, yarudishe kwenye chupa, yapeleke déchetterie, kituo cha kukusanyia taka.

Majirani wajulishwe wiki moja kabla kwamba kutakuwa na watu na muziki, na sauti ishuke saa nne usiku. Waalike siku moja kwa apéritif, yaani kinywaji na vitafunio kabla ya chakula cha usiku, saa moja jioni. Watafika dakika kumi au kumi na tano baadaye, na huo ndio ustaarabu wa huku, usikae mlangoni na wasiwasi. Sambusa ndogo tatu kwa kila mtu zinatosha, kwa kuwa wakialikwa apéritif hawatarajii chakula cha usiku. Kila mgeni wako atamke bonjour kwa kila aliyepo kabla ya neno lingine lolote. Jirani akikuletea boga au kikapu cha maharage, kirudishe kikapu na fungu la chou cavalier, ukimwonyesha linavyokatwa.

Wageni wakishaondoka, mashina ya kabichi hilo usiyang'oe. Yafungie kwenye vigingi kabla ya upepo wa Novemba. Yatavumilia jalidi, na Februari yatachipua vikonyo vitamu kuliko majani ya kiangazi.