Oveni inazima nikiachia swichi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Naoka keki hapa Kirumba, Mwanza. Oveni yangu ya gesi inawaka vizuri nikiwa nimebonyeza swichi, nikiachia tu inazima. Fundi mmoja anasema kinachosumbua ni sensa, anataka kuitoa ili iwake moja kwa moja. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie, dada. Na kama ameshaanza kufungua, funga mtungi kwanza.

Anayoiita sensa ni themokapo. Ncha yake inakaa motoni, na ndani kuna metali mbili tofauti zilizounganishwa. Ikipata joto inazalisha umeme kidogo mno, kama milivolti 20 hadi 30. Umeme huo ndio unaoipa nguvu sumaku inayoshikilia vali ya gesi. Zile sekunde unazobonyeza, kidole chako kinaishikia sumaku kazi. Upepo wa ziwani ukipita dirishani na kuzima moto, ncha inapoa, sumaku inaachia, gesi inakatika.

Fundi kishoka anachofanya ni kukwamisha vali ibaki wazi. Mteja anafurahi, "jiko limepona", analipa. Siku moto ukizimika, gesi inaendelea kutoka. Nayo ni nzito kuliko hewa, hairuki juu. Inajaa ndani ya oveni na kutambaa sakafuni, ikisubiri kiberiti. Nimechoka kukuta majiko ya namna hii, tena mengine ya biashara.

Yako huenda ina masizi tu, au ncha imesogea pembeni ya moto. Jiko likiwa la baridi, isugue kwa msasa laini, irudishe pale moto unapoipiga, kaza nati yake kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Ikigoma, fundi aipime kwa mita: milivolti zikiwa chini, nunua mpya, zikiwa sawa, ubovu uko kwenye sumaku ya vali.

Wengine wanadhani themokapo inanusa gesi. Hainusi chochote, inajua joto tu. Mpira wa gesi uliopasuka utavujisha usiku kucha nayo ipo. Mpira unapimwa kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti, jamani!

Na mnaonunua majiko ya mitumba: washa oveni dakika chache, kisha funga mtungi bila kugusa swichi. Moto ukifa, tega sikio. Ndani ya dakika moja hivi vali inapaswa kulia "ta!" Zima swichi kabla ya kufungua mtungi tena. Usiposikia kitu, usitoe hela mpaka vali ikaguliwe.