Ukuta wa Jiko na Lipu Inayobanduka

SWALI: Nyumba tuliyorithi kwa wazazi ina kuta nene za mawe na chokaa, lakini vyumba vyake havitutoshi watu saba. Tunakusudia kuondoa ukuta ulio kati ya jiko na sebule, kisha kuongeza vyumba viwili upande wa nyuma. Fundi anasema ukuta huo ni wa kugawa vyumba tu, na kwamba lipu ya zamani, ambayo inabanduka kwa unyevu, ipigwe upya kwa saruji. Je, tufuate ushauri wake?

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu ukuta, msibomoe hata jiwe moja kabla ya mtu kupanda darini akaangalia. Ikiwa kenchi au boriti zimeegemea juu yake, ukuta huo unabeba mzigo, hata kama ni mwembamba kuliko kuta nyingine. Mhandisi wa majengo ndiye wa kukokotoa ukubwa wa boriti itakayochukua nafasi yake, na mzigo wa juu sharti ushikiliwe kwa nguzo za muda kabla ya nyundo kuinuliwa.

Vyumba vipya vitakuwa na msingi wake, nao utatitia kidogo ilhali ule wa zamani umekwisha kutulia. Kwa hiyo msizifume kuta mpya ndani ya zile za zamani, bali acheni mwachano ulionyooka na kuujaza kitu kinachonyumbulika.

Kuhusu lipu, simwungi mkono fundi wenu hata kidogo, na ninasisitiza jambo hili kwa sababu nyumba nyingi njema zimeharibiwa kwa njia hiyo. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa taratibu hewani. Ukiufunika kwa saruji, maji hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, na chumvi inayoganda nyuma ya lipu huisukuma hadi ikaanguka tena. Tafuteni kwanza maji yanakotoka: pengine mfereji wa paa umetoboka, au udongo wa nje umerundikana hadi kupita kimo cha sakafu. Chanzo kikishazibwa, acheni ukuta ukauke, hata kama itachukua miezi, ndipo mpige lipu ya chokaa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikishika kabla ya nyingine kufuata, na mmalizie kwa rangi ya chokaa badala ya rangi ya plastiki, ambayo huziba ukuta vilevile.