Bill Walsh ndo aliyewapika
Kaka umeuliza kocha gani wa futiboli ya Kimarekani kawapika makwotabeki wengi (wale wanaoongoza mashambulizi na kurusha pasi), mi nakwambia Bill Walsh bila kusita. Pale Cincinnati alimtengeneza Ken Anderson, 1976 akamnoa Dan Fouts kule San Diego, halafu 1979 akiwa 49ers, timu ya San Francisco, wakamchukua kwotabeki Joe Montana raundi ya 3 ya drafti, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, yaani wachezaji 81 walishachaguliwa kabla yake! Wengi walisema mkono wake hauna nguvu, Walsh yeye akaangalia miguu, maana kwake pasi inaanzia miguuni, unarudi hatua 3 au 5 mpira ushatoka, pasi fupi fupi za haraka mtu anapokea huku anakimbia. Wakabeba Super Bowl (fainali ya ubingwa) mara 3 pamoja, na 1987 akamleta kwotabeki mwingine, Steve Young, wakati Montana bado yupo!