Greihaundi aliyestaafu mbio ananguruma usingizini na kugoma njiani: je, tumrudishe?

SWALI: Daktari, tumemchukua mbwa jike wa aina ya greihaundi, mwenye umri wa miaka minne, aliyestaafu mbio, na sasa ana wiki tatu nyumbani kwetu. Ni mpole mno, lakini juzi mwanangu wa miaka sita alimkumbatia akiwa amejilaza, naye akanguruma na kutoa meno. Tukitoka naye husimama ghafla barabarani akakataa kusonga, na ngazi za ndani hazikaribii kabisa. Je, huyu ni mkali au ni mgonjwa? Tumrudishe?

JIBU: Kwa maelezo yako sioni sababu ya kumrudisha, ila lipo sharti moja kuhusu mtoto ambalo linapaswa kuanza leo, si kesho.

Greihaundi wa mbio hukulia bandani. Hulishwa, hutolewa na kurudishwa kwa saa zilezile kila siku, wenzake wakiwa karibu usiku na mchana, na mara nyingi huwa hajawahi kuona mlango wa kioo, sakafu ya vigae inayoteleza, ngazi, wala mashine ya kufulia. Jambo linalokuhusu zaidi ni kwamba huenda hajawahi kuguswa na mtu akiwa usingizini. Mbwa wa aina hii hulala sehemu kubwa ya siku, na wengi wao hulala fofofo macho yakiwa wazi au nusu wazi. Kwa hiyo mwanao aliona macho yamefunguka, akadhani rafiki yake yuko macho, kumbe alimkumbatia mnyama aliyezama usingizini. Mbwa akazinduka kwa mshtuko na kujihami kabla hajatambua ni nani aliyemshika.

Sharti lenyewe ni hili: mbwa akiwa amejilaza, mtoto asimwendee kabisa, awe amelala au hajalala. Mtu mzima anayetaka kumwamsha amwite jina akiwa hatua kadhaa mbali naye, asubiri mpaka ainue kichwa na kumgeukia, kisha amwite aje mwenyewe. Macho peke yake yasikudanganye. Tazama masikio kama yanafuata sauti na kichwa kama kimeinuka. Malazi yake yawekwe pembeni, mahali ambapo hakuna anayepita wala kumruka, na asilale kitandani pamoja na watu. Muda wote mtoto na mbwa wanapokuwa chumba kimoja, mtu mzima awepo na awe anatazama. Msimwadhibu kwa kunguruma, kwa kuwa mngurumo ni onyo, na mbwa aliyezoezwa kunyamaza huweza kuuma bila kutoa onyo lolote.

Akinguruma akiwa macho kabisa, kwa mfano anapokaribiwa akiwa na chakula au anaposhikwa mguu, hilo ni suala jingine, na hapo apimwe mapema. Viwanja vya mbio huzungukwa kinyume cha saa, hivyo mguu wa nyuma wa kulia hubeba mzigo mkubwa kwenye kona, na mifupa ya kifundo chake huvunjika mara nyingi kuliko ya mguu wa kushoto. Jeraha la zamani la namna hiyo linaweza kuendelea kuuma muda mrefu baada ya mbio kwisha. Meno nayo yaangaliwe, maana ugonjwa wa fizi umeenea sana kwa mbwa hawa.

Kugoma njiani kwa kawaida ni woga: vitu vipya vimezidi uwezo wake, naye anaganda. Msimvute. Simama ubavuni mwake, legeza kamba, mpe nafasi ya kutazama kinachomtisha, kisha geukeni pamoja kwa kuzunguka kidogo, kwani kugeuka humrahisishia kuinua mguu wa kwanza kuliko kuburutwa kwenda mbele. Kwa sasa tumieni njia moja, fupi, saa zenye utulivu. Hata hivyo, kagua nyayo. Sugu ngumu za mviringo kwenye nyayo huwasumbua greihaundi hasa, na dalili yake ni kwamba mbwa huchechemea kwenye lami au kokoto lakini hutembea vizuri kwenye nyasi.

Shingo yake inakaribia upana wa kichwa, kwa hiyo ukanda wa kawaida huchomoka mara tu anaporudi kinyumenyume kwa hofu. Tafuta ukanda mpana unaojikaza kidogo ukivutwa bila kumkaba. Asifunguliwe kamba popote pasipo na uzio, hata akionekana mtiifu namna gani. Anakimbia zaidi ya kilomita 60 kwa saa, na akishaona paka anakatiza mbele yake, hasikii tena jina lake.

Ngazi hufundishwa kwa mikono. Anza na vidato vichache vyenye zulia lisiloteleza, mtu mmoja akiwa nyuma yake ili asirudi, na mweke miguu ya mbele kidato kimoja kimoja mpaka mwili uelewe. Kushuka huwatisha zaidi, kwa sababu hujaribu kuruka vidato vyote kwa pamoja, basi mshikilie kifuani na kumpunguzia mwendo. Vivyo hivyo, kukaa peke yake aanze kwa dakika chache na kuongezwa polepole, kwa kuwa huenda hajawahi kukaa pasipo mbwa mwenziwe.

Utakapompeleka kwa daktari wa mifugo, hakikisha anajua kwamba huyu ni greihaundi kabla hajasoma vipimo. Chembe nyekundu huweza kuchukua asilimia 50 hadi 65 ya damu yao, kiwango ambacho kwa mbwa wengine kingetia wasiwasi, ilhali chembe za kugandisha damu huwa chache. Homoni za tezi ya thairoidi nazo huwa chini kiasili, na wapo wanaopewa dawa ya tezi bila kuihitaji. Akihitaji kusafishwa meno, dawa ya usingizi ya thiopentali iepukwe, kwa maana ini lao huiondoa polepole mno na mbwa huchukua muda mrefu kuzinduka. Zipo dawa nyingine zinazomfaa.