Kulazimisha mutu mwenye kupokea musaada wa serikali atumike, inamupatia kazi?

Hapana, kulazimisha peke haitoshe. Angalia Arkansas kule Marekani, 2018: benye kupata bima ya afya ya serikali baliambiwa baonyeshe masaa 80 ya kazi kila mwezi, batu karibu 18,000 bakapoteza ile bima na utafiti wenye ulifanywa nyuma haukuona kazi kuongezeka, ju wengi balikuwa tayari banatumika, kutangaza ile masaa njo kuliwashinda. Kwenye ilisaidia kweli ni Portland, muji wa Marekani vilevile, miaka ya 1990, kule balichanganya kutafuta kazi na formasio na baliambia mutu angojeye kazi ya mushahara muzuri kidogo, asikamate tu ya kwanza. Ni kweli nyuma ya sheria ya Marekani ya 1996, yenye ililazimisha batu ba musaada batumike, bamama wengi benye kulea peke balianza kutumika, lakini ekonomia nayo ilikuwa inaenda muzuri sana ile wakati. Hapa Goma tunaionaka kwa HIMO, ile kazi za mikono mingi zenye banalipa batu kwa muda mufupi: jirani yangu wa Birere alibeba mawe ya volkano myezi mbili, akalipa minervali ya batoto, na iyo si kidogo hata! Lakini kazi ilipoisha akarudi kwa makala yake, ju hakuna mwenye alimufundisha hata kupanga yale mawe.