Dogo, Anza na Ile ya 1997

Juzi kati nimepata meseji kutoka kwa msomaji wa Mwanza. Ameanza kwa kuniita kaka, kufika katikati nimeshakuwa mzee. Kanunua PS4 iliyotumika, ndani yake amekuta Final Fantasy VII Remake, ile gemu ya 1997 iliyotengenezwa upya, anauliza kama aicheze moja kwa moja au atafute kwanza ile ya zamani. Kisha akamalizia hivi: "Maana nyie wazee wa gemu hamridhiki na kitu. Mkiletewa kipya mnanuna, msipoletewa mnalia."

Jibu fupi: usianze na hiyo. Anza na ile ya 1997. Jibu refu litabidi lipitie kwangu kwanza, kwa sababu hilo la kununa limenigusa.

Mimi gemu hiyo niliijulia Tanga, Ngamiani, kwenye kibanda kimoja Barabara ya Kumi na Mbili. TV za chogo, feni inayozunguka ikijisikia, na PlayStation zilizopinduliwa chali chini juu kwa sababu zikikaa vizuri hazisomi CD. Pale kazi ilikuwa mpira. Foleni yote ilikuwa ya Winning Eleven, anayefungwa anaachia pedi. Mtu wa RPG, gemu za hadithi ndefu, alionekana amepungukiwa. "Unalipa hela kusoma?" ndiyo salamu niliyokuwa napewa, maana skrini nzima ni maandishi ya Kiingereza na mimi nina kamusi ya shule mapajani.

Nikawa naenda mchana wa jua kali, kibanda kikiwa kitupu. Gemu ilikuwa CD tatu, zimechomwa, majina yameandikwa kwa makapeni. Umeme ukikatika kabla hujaseva, umeumia. Na memori kadi ile ya PlayStation ilikuwa na nafasi 15 tu, inatumiwa na kibanda kizima. Nimeshafika CD ya pili, siku moja nafungua, faili langu halipo. Jamaa mmoja alitaka nafasi ya ligi yake ya mpira, akafuta asichokijua. Alivyoulizwa akasema, "Si ilikuwa maandishi tu?"

Nikaanza upya, nikaimaliza. Bila kitabu cha mbinu, bila intaneti, bila mtu wa kuniambia adui wa mwisho, Sephiroth, anapigwaje. Nayasema haya kwa majivuno na siombi radhi. Kiingereza nilichofanyia mtihani wa kidato cha nne, nusu yake kilitoka Midgar, mji gemu inapoanzia.

Sasa kuna sehemu moja nataka uione ndipo unielewe. Mko ndani ya jengo la Shinra, kampuni inayotawala Midgar, lina ghorofa 70. Mmekamatwa, mmefungiwa seli ghorofa ya 67. Cloud, ndiye unayemwongoza, anaamka usiku, mlango uko wazi. Mlinzi yuko chini, amekufa. Sakafuni kuna damu imeburuzwa, ndefu, inapita korido, inapanda ngazi. Unaifuata. Juu kabisa, ofisini kwa rais wa kampuni, unamkuta kalala juu ya meza yake, upanga mrefu umesimama mgongoni. Aliyeuchomeka humwoni. Unasikia jina tu, Sephiroth, na kwa wanavyolitaja unajua wanamwogopa. Sura yake mpaka mtoke Midgar, mfike mji wa Kalm, Cloud aanze kusimulia ya zamani.

Siku niliyofika hapo, watoto wa mpira wawili walikuja kusimama nyuma yangu. Hakuna aliyeniuliza kama nasoma.

Kwenye Remake, Sephiroth anakutokea sura ya pili. Mmetoka tu kulipua kinu cha kwanza cha nishati cha Shinra, bado hujui hata kubadilisha materia, yale mawe ya uchawi, vizuri, jamaa huyu hapa, nywele zake ndefu, anaongea. Ukifika Shinra, ile damu imegeuka uji wa zambarau. Hapo ndipo nilipoanza kununa, dogo. Nakiri nilinuna.

Ila usidhani tulikuja tumenuna toka nyumbani. Mwaka 2005 Sony ilionyesha mwanzo wa gemu ile kwa sura ya PS3, kipande cha majaribio tu, watu wakakaa miaka kumi wanasubiri kilichokuwa hakijaahidiwa. Juni 2015, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 kule Los Angeles, ndipo ikatangazwa kweli, na watu wazima wenye ndevu walijirekodi wakilia. Desemba ya mwaka huohuo tukaambiwa haitakuwa gemu moja, itatoka vipande vipande. Kipande cha kwanza kikatoka Aprili 10, 2020, dunia nzima imejifungia ndani kwa korona. Nilivyopata PS4 ni habari ndefu isiyo na utamu, niiruke.

Saa za mwanzo zilikuwa raha tupu. Treni ile inaingia stesheni, Cloud anaruka, muziki wa Nobuo Uematsu unapigwa kwa okestra kamili. Baa ya Tifa, rafiki wa Cloud, naweza kuingia nikaona chupa rafuni. Barret, mwenzao aliyekuwa mabokosi mawili yenye mkono wa bunduki, sasa ana jasho. Kwenye ile ya zamani Midgar unaimaliza kwa saa chache tu ukatoka nje kwenye dunia yenyewe. Hapa Midgar ndiyo gemu nzima, saa thelathini na zaidi, na kusema kweli kuna mitaa walikuwa wananizungusha tu.

Halafu wakaja mizimu.

Gemu inawaita Whispers, vivuli vya kijivu vyenye majoho. Kazi yao ni kuhakikisha mambo yanakwenda kama yalivyokwenda zamani. Cloud akiachwa nyuma kwenye safari ya kinu cha pili, mizimu inamwumiza mwenzao Jessie mguu ili Cloud aitwe. Barret akichomwa upanga na Sephiroth mahali ambapo hakupaswa kufa, mizimu inamrudishia uhai. Mwishoni kabisa unafanyaje? Unapigana nayo. Unaiua. Ukishaiua, lolote linaweza kutokea, hata watu uliowazika wanaonekana wanatembea.

Nilikaa na pedi mkononi nikaelewa kwamba ile mizimu ni mimi. Ni sisi tuliosubiri, tunaotaka kila kitu kiwe palepale kilipokuwa. Wametuvika majoho, wakampa mchezaji upanga atuondoe. Wapo mashabiki wa siku nyingi walioipenda sana akili hiyo. Wanasema kama unataka ya zamani, ya zamani ipo, na mwandishi wa hadithi Kazushige Nojima ni yuleyule wa 1997, ana haki ya kuivuruga kazi yake. Wapo walioapa hawagusi tena, ingawa wengi wao Februari 29, 2024 walikuwa wa kwanza kununua Rebirth, kipande cha pili. Mimi niko katikati na bado inaniuma. Najua ni gemu iliyotengenezwa vizuri sana. Najua pia nilitukanwa kwa adabu.

Ndiyo maana nakwambia anza na ya 1997. Ukianza na Remake ni kama kuingia ukumbini taarab imeshakolea, watu wanatunzana na kurushiana mipasho, na wewe hujui ugomvi ulianzia wapi. Mizimu itakuwa maadui wa kawaida kwako. Sephiroth atakuwa jamaa mwenye nywele. Na lile linalotokea mwisho wa CD ya kwanza, ambalo dunia nzima inalijua na mimi bado silisemi, Rebirth imelizungushia utata ambao hautakuwa na uzito wowote kwa mtu ambaye halijamkuta kavu kavu kwenye ile ya kwanza.

Sio kila rimeki iko hivi. Dragon Quest III ya 2024 hadithi yake ni ileile, imevalishwa nguo mpya, hiyo anza nayo bila wasiwasi. Oblivion Remastered ya 2025 ndani yake bado inazunguka injini ya zamani, picha ndizo mpya hasa, na mashabiki walifurahi hata vituko vya zamani kuvikuta vipo. Persona 3 Reload iliacha nje mhusika wa kike aliyekuwamo kwenye toleo la PSP, ile PlayStation ya mkononi, na waliompenda wana haki ya kununa, hapo nipo upande wao. Kila rimeki na kesi yake. Ila hii ya Midgar, anza na ya zamani.

Na wenzangu wa umri wangu, tuache kuwafukuza vijana. Kijana akikwambia picha za 1997 zinamchekesha, mwache acheke, zinachekesha. Mpe pedi ukae kimya. Usimwambie "subiri uone." Usikae pembeni unamwangalia usoni kila ikifika sehemu unayoijua. Mtu akumbane na hadithi peke yake kama ulivyokumbana nayo wewe. Na nyie vijana, mkiona mtu mzima kanuna juu ya gemu, muulizeni aliicheza wapi na kwa shida gani kabla hamjamwita mzee. Uvumilivu hamna. Trela imetoka asubuhi, jioni mmeshahukumu. Msome maandishi, msibonyeze tu kuyapitisha.

Kwako wa Mwanza: ile ya 1997 inapatikana kwenye PS4 yako hiyohiyo, na kwenye simu pia, iPhone tangu 2015 na Android tangu 2016. Toleo la simu linakuruhusu kuzima mapambano ya ghafla. Usiyazime Midgar, utafika kwa mabosi ukiwa dhaifu. Seva kila unapoona alama ya kusevia, hata kama umeseva sasa hivi. Ukitoka Kalm utakuta kinamasi chenye nyoka mkubwa anaitwa Midgar Zolom. Usijifanye shujaa, kwa leveli utakayokuwa nayo atakumaliza. Nenda kwanza shamba la chocobo, ndege wakubwa wa kupanda, lililo jirani, nunua materia ya kuwavutia, gil 2,000 (pesa ya humo ndani), na majani ya kuwalisha, ukamate mmoja uvuke naye mbio.