Vidole Vikitetemeka Jukwaani: Maswali ya Wanamuziki

SWALI: Napiga gitaa kwenye bendi. Nikiwa peke yangu wimbo naumaliza vizuri, lakini jukwaani vidole vinakuwa baridi, vinatetemeka, na katikati nasahau nilipofika. Nifanyeje hofu iishe?

JIBU: Haitaisha yote, na wala si lazima iishe ndipo upige vizuri. Ukiwa na hofu mwili humwaga adrenalini, homoni ya dharura: moyo unakwenda mbio, mishipa midogo ya vidoleni inabana, damu inapungua huko. Loweka mikono kwenye maji ya vuguvugu muda mfupi kabla ya zamu yako, ikaushe, kisha piga skeli, yaani noti zinazopanda na kushuka kwa mpangilio, taratibu.

Kusahau ni shauri jingine. Wengi huhifadhi wimbo kwa vidole tu, noti moja inaivuta ya pili. Kidole kikiteleza, mfuatano umekatika na huna pa kuushikia. Gawanya wimbo vituo 6 hadi 8: mwanzo wa kila ubeti, kiitikio, solo. Andika namba zake kwenye vikaratasi, vichanganye, chomoa kimoja uanzie hapohapo. Kama kituo cha 5 hukiwezi mpaka urudi cha 4, wimbo huo bado hujaujua, hata kama unaupiga usingizini. Kwa kila kituo, ujue kodi ya kwanza (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) kwa jina, na mkono unaanzia freti ya ngapi, yaani kile kijichuma kinachokatiza shingo ya gitaa.

Kisha zoea kupiga ukiwa umevurugika. Rukaruka dakika moja hadi moyo udunde, shika gitaa, washa simu irekodi, upige wimbo mara moja tu. Ukikosea, songa mbele. Anayesimama mazoezini kila akikosea anaufundisha mwili kusimama, na jukwaani utatii.

Halafu kuna mwendo. Mtu mwenye hofu huuona mwendo wa kawaida kuwa wa kujikokota, basi huanza mbio, na solo ikifika vidole haviwahi. Kabla ya kuwahesabia wenzako, imba kimoyomoyo ile sehemu ngumu kuliko zote. Mwendo unaoumudu pale ndio wa kuanzia.

SWALI: Mimi ni mwimbaji. Koo linakauka na noti ya kwanza inatoka ikitetemeka. Naambiwa nivute pumzi ndefu, lakini naona nazidi kuwa vibaya.

JIBU: Ni kweli unazidi. Mwenye hofu kifua tayari kimejaa hewa na mabega yamepanda. Ukiongeza nyingine, utapata kizunguzungu. Anza kwa kutoa. Toa yote kwa “sss” hadi tumbo lirudi ndani, vuta kwa pua sekunde 4, toa tena sekunde 8. Rudia mara 6 hadi 10 ukiwa nyuma ya jukwaa, magoti yakiwa yamelegea.

Maji unayomeza hayagusi nyuzi za sauti, yanapita njia ya chakula. Kwa hiyo chupa nzima ya dakika za mwisho itakupeleka msalani tu. Kunywa kidogokidogo tangu asubuhi. Mdomo ukikauka palepale, ng’ata taratibu ncha ya ulimi, mate yatatoka. Wimbo wa kwanza uwe wa sauti ya kati, zile za juu ziweke baadaye. Na mwombe fundi mitambo akuongezee sauti yako kwenye monita, ile spika inayokuelekea jukwaani, maana mwimbaji asiyejisikia huishia kupiga kelele.

SWALI: Je, bia moja au vidonge?

JIBU: Bia hapana. Inapunguza woga pamoja na wepesi wa vidole, na wewe ndiye wa mwisho kugundua. Kuna dawa iitwayo propranololi, ambayo hupunguza mapigo ya moyo na mtetemeko, na wapo wanamuziki wanaoitumia. Lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana njia ya hewa, na kwa mwenye shinikizo la chini la damu, linaweza kushuka zaidi. Ni ya kuandikiwa na daktari, si ya kupewa na mwenzako nyuma ya jukwaa, na ukiandikiwa, ijaribu kwanza siku ya mazoezi.